Je, wajua kwa nini punda wa Bagamoyo huhesabiwa kuacha naitrojeni nyingi malishoni kuliko punda wa Ufaransa?

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutoa takwimu za kila nchi zinazoonyesha kiasi cha naitrojeni inayoachwa malishoni na kinyesi na mkojo wa punda, na vilevile wa nyumbu wa kufugwa, yaani mzao wa punda dume na farasi jike. Mtu akizisoma kwa haraka anaweza kudhani kwamba wataalamu wamezunguka malishoni wakipima samadi. Sivyo: tarakimu hizo hukokotolewa.

Hesabu yenyewe huanza na idadi ya wanyama, ambayo huzidishwa kwa uzito wa kawaida, kisha kwa kiwango cha naitrojeni ambayo mnyama hutoa kwa siku, na mwisho kwa sehemu ya kinyesi inayobaki malishoni. Miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, hukadiria punda na nyumbu kuwa na uzito wa kilo 130. Kwa Afrika, kila kilo 1,000 za uzito wa mnyama huhesabiwa kutoa kilo 0.46 za naitrojeni kwa siku, ilhali kwa Ulaya Magharibi kiwango ni kilo 0.26. Hivyo punda anayebeba madumu ya maji kutoka lamboni huko Lugoba huandikiwa takriban kilo 21.8 kwa mwaka, na mwenzake wa Ufaransa mwenye uzito uleule huandikiwa kilo 12.3 tu.

Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa maoni yangu inastahili kutiliwa shaka, kwa sababu naitrojeni anayotoa mnyama hutegemea sana protini iliyomo katika malisho yake. Wakati wa kiangazi nyasi za bara la Bagamoyo na za Handeni hukauka na kubaki nyuzi tupu, na punda, ambaye mwili wake una uwezo wa kurudisha tumboni yurea, yaani taka ya mwili yenye naitrojeni, ili itumike tena, hana naitrojeni nyingi ya kupoteza. Vunja donge la kinyesi chake mwezi wa Septemba uone: ni makapi ya majani makavu, mepesi, yasiyo na harufu kali. Mvua za masika zinapochipusha nyasi changa, hali hubadilika, lakini kiwango kimoja cha mwaka mzima hakitofautishi misimu hiyo.

Kwa nyumbu kosa linaweza kuelekea upande mwingine. Nyumbu wa kazi mwenye kilo 300, kwa kiwango kilekile cha Afrika, angetoa takriban kilo 50 kwa mwaka, zaidi ya maradufu ya anazoandikiwa. Kwetu pwani jambo hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa nyumbu wa aina hiyo ni nadra. Ethiopia, yenye punda wengi kuliko nchi yoyote duniani, ina nyumbu wengi pia, na huko kosa dogo kwa kila mnyama hukua likizidishwa kwa idadi yao.

Liko pia suala la boma. Punda akilala bomani, kinyesi cha usiku hakibaki malishoni. Hurundikana pale, na mwenye shamba la mihogo au mahindi anaweza kukizoa. Mkojo ndio unaopotea upesi, kwa maana yurea iliyomo hugeuka kuwa amonia na kuruka hewani, hasa penye joto na mchanga kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani yetu. Sehemu ndogo ya naitrojeni hugeuka kuwa naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto takriban mara 273 kuliko kilo ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Kwa kanuni ya 2006, ambayo huchukua asilimia 1 ya naitrojeni iliyoachwa malishoni, kilo 21.8 za punda wetu, zikibaki zote malishoni, huzalisha moja kwa moja gramu 340 hivi za gesi hiyo kwa mwaka, ukijumlisha uzito wa oksijeni iliyomo ndani yake.

Kwa hiyo nchi mbili zinapolinganishwa katika takwimu hizi, kinacholinganishwa hasa ni idadi ya wanyama na kanda ambayo kila nchi imewekwa. Ili punda wa Tanga na Bagamoyo wapate tarakimu yao wenyewe, itabidi wapimwe uzito, na kinyesi na mkojo wao upimwe naitrojeni maabara, mara moja wakati wa kiangazi na mara nyingine wakati wa masika.