Ukali wa picha za tundu la sindano: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Tundu likizidi kuwa dogo, picha inazidi kuwa kali."

Kamera ya tundu la sindano haina lenzi; mwanga huingia kupitia tundu dogo tu. Kauli hii nusu yake ni kweli. Shusha tundu kutoka milimita 1 hadi 0.4, ukungu utapungua waziwazi. Endelea hadi 0.1 kwenye kamera ileile, ukungu unarudi. Mwanga ni mawimbi, na mawimbi yakibanwa kwenye upenyo mwembamba mno hutapanyika upande wa pili, ndiyo difraksheni. Kipimo kinachofaa hufuata umbali kati ya tundu na sensa (kibamba cha kamera kinachopokea picha). Chukua umbali huo kwa milimita, zidisha kwa 0.00055 (urefu wa wimbi la mwanga wa kijani), tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.9. Umbali wa milimita 50 unatoa tundu la 0.31 hivi. Wapo wanaotumia 1.56 na kupata 0.26. Tofauti hiyo isikunyime usingizi. Tundu lenye kingo za mikwaruzo linaharibu zaidi.

"Kutoboa ni kutoboa tu."

Hapa ndipo picha nyingi zinapofia. Sindano ya kushonea ikipenya yote, tundu limeshakuwa kubwa mno. Kata kipande cha sentimita 2 kutoka kopo la soda, kilaze juu ya kadibodi ngumu, bonyeza kwa ncha tu hadi uvimbe mdogo utokee upande wa pili. Usugue uvimbe huo kwa msasa laini, namba 1000 hivi, ubonyeze tena huku ukizungusha sindano, usugue tena, mpaka mwanga uchungulie. Bati likiwa nene, tundu linakuwa kama bomba na pembe za picha zinafifia. Pima kwa skana: kwenye dpi 2400 (nukta 2400 kwa inchi), milimita 0.3 ni pikseli 28. Ukiona unyoya wa bati ndani ya duara, rudi kwenye msasa. Paka kalamu nyeusi upande wa ndani, kisha bandika kipande kwenye kifuniko cha bodi (kinachoziba mahali pa lenzi) kilichotobolewa kwa drili ya milimita 10. Kifuniko kitoboe kikiwa nje ya kamera, ukioshe chenga zote kabla ya kukirudisha.

"Kamera yenye megapikseli nyingi itaokoa picha."

Haitaokoa. Tundu la 0.31 kwa umbali wa 50 ni f/160 (umbali ukigawanywa kwa tundu), na kila nukta ya mwanga inakuwa doa la upana wa milimita 0.21 hivi. Kwenye sensa ya milimita 36 yenye megapikseli 24, doa hilo linafunika pikseli 35 kwa upana. Madoa 170 yakipangwa bega kwa bega yamemaliza upana wote wa sensa. Kuongeza pikseli ni kuuchora ukungu uleule kwa kalamu nyembamba zaidi.

"Ukirefusha bomba utavuta kitu karibu na kupata undani zaidi."

Kitu kitakuwa kikubwa, lakini doa nalo linakua, hivyo picha nzima inabeba undani mchache. Kinyume chake, umbali wa milimita 18 unataka tundu la 0.19, na doa linashuka hadi 0.13. Gharama yake ni giza: kwenye kona za sensa ya milimita 36 kwa 24 mwanga unapungua kwa stopu 2.6 hivi (kila stopu ni kupungua kwa nusu).

"Vyote ni vikali sawa, vya karibu na vya mbali."

Karibu sawa, si sawa. Kitu kilicho mbele ya tundu kwa umbali uleule wa sensa kinatoa doa la kijiometri (bila kuhesabu difraksheni) lenye upana mara mbili ya tundu.

"Ukungu wote unatoka kwenye tundu."

Mwingine ni mtikisiko. Juani, kwa ISO 100 (kipimo cha usikivu wa sensa kwa mwanga), f/160 inataka sekunde 1 hivi. Tumia tripodi na saa ya kuchelewesha ya sekunde 2. Vijidoa vyeusi vinavyorudi palepale kila picha ni vumbi la sensa, ambalo kwa f/160 linaonekana lote. Pulizia hewa kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo.

"Programu itanoa yote."

Ukinoa kwa nusu kipenyo (radius) cha pikseli 1 unanoa chengachenga, maana ukungu wenyewe ni mpana kuliko hapo. Anza na nusu kipenyo cha 10 hadi 20, nguvu kidogo, au punguza picha hadi upana wa pikseli 1500 kwanza, ndipo unoe.