Duara kwenye sahani bado si dawa

Wengi husadiki kwamba mmea ukishaua bakteria maabara, basi ni dawa. Sivyo. Kikaratasi cha milimita 6 kilicholowekwa kwenye dondoo la mmea huwekwa juu ya agari (rojo lililoganda la kukuzia vijidudu) iliyopakwa bakteria ndani ya sahani ya maabara, kisha sahani hulala kwenye nyuzi 37 za Selsiasi. Asubuhi, bakteria wasipoota karibu nacho, kikaratasi huzungukwa na duara tupu. Huenda hata hawakufa, wamezuiwa tu kukua. Siki nayo huchora duara! Na duara kubwa laweza kumaanisha tu kwamba kemikali husambaa upesi kwenye agari.

Kipimo cha antioksidanti (viambato vinavyosemwa hukinga seli zisiharibiwe) nacho hutazama rangi: zambarau ya DPPH, kemikali ya kupimia, hufifia kuwa njano. Hata kahawa huififisha. Sahani haina tumbo la kumeng'enya wala ini la kuchuja.