Je, wajua? "Roja" ya redioni haina maana ya "ndiyo"

Mlinzi wa getini anaambiwa kwa redio ya upepo: "Usifungue geti mpaka nifike." Anajibu: "Roja." Anayesikia pembeni huchukulia kwamba amri imekubaliwa. Kwa kanuni za mawasiliano ya redio, mlinzi hajakubali chochote. Amesema tu kwamba ujumbe umemfikia wote.

Neno ni la jeshini. Waliotuma ujumbe kwa Morse, yaani kwa mipigo mifupi na mirefu badala ya sauti, walijibu kwa herufi R kuonyesha kuwa wamepokea. Redio za sauti ziliposhika kasi, herufi ikatamkwa kwa jina lake, na katika alfabeti ya majeshi ya Marekani na Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia R iliitwa "Roger". Hakuna afisa wala rubani shujaa nyuma ya jina hilo. Mwaka 1956 usafiri wa anga ulianza kutumia alfabeti mpya, R ikawa "Romeo", lakini Roger hakustaafu.

Anayekusudia kutekeleza husema "wilko", ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nitatekeleza". Ndani yake kupokea na kuelewa vimo tayari, kwa hiyo "roja, wilko" ni kusema jambo moja mara mbili. "Ova na auti" ni mbaya zaidi, kwa sababu inajipinga: "ova" ni nimemaliza, nasubiri jibu, "auti" ni nimemaliza, sisubiri jibu.

Ugumu wote huu unatokana na kitufe. Redio hizi kwa kawaida hupeana zamu kwenye masafa: ukibonyeza ili useme, upande wa kupokea unazimwa, nawe ni kiziwi mpaka uachie. Kwenye simu, mtu akikueleza jambo refu unachomekea "enhe", "naam", "eeh". Enhe hiyo haina maana kwamba umekubali kumkopesha hela anayoizungukia. Ina maana upo na unafuatilia. Ukiacha kuitikia, muda si mrefu atauliza, "Haloo, upo?" Redioni hakuna pa kuichomekea enhe. Roja ndiyo enhe zote zilizokusanywa, zikatolewa kwa mkupuo baada ya mwenzako kuachia kitufe.

Kitufe hicho kina hila nyingine. Ukibonyeza na kusema papo hapo, silabi za kwanza hukatwa, na Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi. "Usifungue" ikipoteza kichwa inabaki "fungue", na kwenye kelele hiyo ni "fungua". Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme. Anayepokea amri nzito asiishie kwenye roja, airudie kwa maneno yake: "Geti libaki limefungwa mpaka ufike."

Wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, wote wanaongea na hakuna anayemsikia mwenzake. Kwenye redio za FM, kama nyingi za walinzi, mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi humfunika mwingine kabisa. Redio za ndege hutumia AM, ambako sauti huchanganyika na kutoa mluzi mkali. Huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, mnara wa kuongozea ndege uliijibu ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, kwa "okay", neno lisilo la kanuni, kisha ukaiambia isubiri. Sekunde hizo hizo ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, ikasema bado ipo kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia. Kwa marubani wa KLM kilichosikika vizuri ni ile "okay". Kilichofuata kilimezwa na mluzi. Ndege hizo mbili ziligongana, watu 583 wakafa. Neno moja halikuwa chanzo pekee: kulikuwa na ukungu mzito, na KLM ilikwisha kuanza kukimbia ili iruke bila ruhusa. Hata hivyo kanuni zilibanwa, na leo neno la Kiingereza la kuruka, "take-off", hutajwa tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Jeshini kuna neno jingine linaloogopwa kuliko roja. Ambaye hakusikia vizuri hasemi "repeat", husema "say again". Kwa wapiga mizinga, "repeat" ni agizo la kupiga tena palepale.