Je, wajua kwa nini kichanga hapakatwi ndani ya ambulensi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna mahali salama kwa mtoto aliyezaliwa jana kushinda kifuani mwa mama yake, hata ndani ya ambulensi inayokimbia. Nilikosea, na wengi tunakosea hivyo kwa sababu kosa lenyewe limezaliwa na upendo. Tunaona mtoto wa kilo 3 na mikono miwili imara, tunasema hawezi kuponyoka.

Hesabu inakataa. Gari la kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kumzuia mtoto asiendelee mbele kunahitaji nguvu ya takriban mara 14 ya uzito wake. Ghafla umeshika kilo 42, kabla hata hujajua kwamba mmegonga. Kama hujafunga mkanda, wewe mwenyewe unamwangukia. Mkifunga mmoja kwa wawili, yeye ndiye anayebanwa katikati.

Kinachoumia kwa urahisi ni shingo. Kichwa cha kichanga ni karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo bado ina gegedu nyingi, laini kuliko mfupa. Fikiria yai: likibonyezwa kwa ncha ya kidole hupasuka, likilazwa kwenye kiganja kizima hustahimili. Kiti cha mtoto kilichofungwa juu ya machela, uso ukielekea nyuma ya gari, ndicho kiganja hicho. Gari likigonga kwa mbele, mgongo, shingo na kichwa hupokea kishindo kwa pamoja.

Njiti, au anayesaidiwa kupumua, hawezi kukaa kitini. Hulazwa ndani ya inkubeta, sanduku lenye joto la vichanga. Hapo mikanda mipana na laini humzuia asirushwe, ingawa haishiki shingo kama kiti kinavyofanya. Inkubeta yenyewe ni nzito, kwa hiyo lazima ifungwe sakafuni. Kiwango cha Ulaya cha ambulensi, EN 1789, kinataka vifaa vistahimili nguvu ya mara 10 ya uzito wake. Mtungi wa oksijeni uliolegea nao ni kombora.

Kabla ya kuondoka, muuguzi hupitisha kidole chini ya mkanda, kisha hutazama kidevu: kikigandamia kifuani, njia ya hewa hujifunga, naye humlaza upya.