Je, Wajua? Kwa Nini Tawi la NMB Lipo Hadi Wilayani Kwenu

Fika makao makuu ya wilaya yoyote ya zamani Tanzania Bara, uliza benki iko wapi. Aghalabu hutaulizwa "benki gani?" Utaonyeshwa jengo lenye nondo madirishani na askari mlangoni, na likikaribia mwisho wa mwezi, foleni ya walimu na wastaafu. Mara nyingi jengo hilo ni la NMB. Sasa, benki hii imeanzishwa mwaka 1997 tu. Iliwezaje kufika kote huko?

Haikufika. Ilizaliwa ikawakuta watu wako kaunta, wanahudumia.

Turudi nyuma. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata serikali ikataifisha benki za biashara za kigeni. Zilikuwamo Barclays, Standard, National and Grindlays, na nyingine za kutoka India, Pakistani na Uholanzi. Badala yake ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC, chini ya Amon Nsekela. Benki Kuu yenyewe ilikuwa haijatimiza hata mwaka, maana ilifunguliwa Juni 1966.

Benki kubwa tatu za Uingereza zikajibu kwa kuwaondoa maofisa wao Wazungu. Walidhani, nadhani, kwamba milango ingefungwa. Haikufungwa. Makarani waliobaki, Waafrika na Waasia, ambao jana yake walikuwa wanaandika daftari na kuhesabu noti, wakajikuta wanashika funguo.

Zile benki za zamani zilikuwa zimefuata fedha ilipo: Dar es Salaam, Tanga ya mkonge, Moshi ya kahawa, Mwanza ya pamba. NBC ikaambiwa iende na kwingine. Msimu wa kununua mazao ukifika, mkulima alitaka noti mkononi, si hati, na noti hizo lazima zitoke mahali. Halafu kulikuwa na mishahara ya walimu, waganga, polisi na mabwana shamba. Serikali ilipeleka watumishi kila wilaya, kwa hiyo benki nayo ikapelekwa.

Kazi ndani ya tawi ilikuwa ya mkono tu. Unaleta kitabu chako na karatasi ya kutolea fedha. Karani anachomoa kadi yako, analinganisha saini na kutazama salio, anampelekea ofisa aidhinishe, ndipo karatasi inamfikia keshia na wewe unaitwa. Mtu aliweza kumaliza asubuhi nzima kwa kutoa fedha kidogo, na usimlaumu keshia: yeye alikuwa wa mwisho katika mlolongo. Kwa kuwa kadi yako ilikaa kwenye tawi moja tu, fedha zako nazo zilikuwa na kwao. Mwalimu akihamishwa kutoka Tunduru kwenda Ngara, ilibidi na akaunti ihamishwe, na barua zisafiri.

Gharama yake ilikuwa kubwa. NBC ilikopesha mashirika ya mazao na ya umma ambayo hayakulipa, na matawi mengi ya wilayani hayakujilipia hata umeme wake. Sheria ya mwaka 1991 iliporuhusu benki binafsi, wageni walirudi, lakini mijini. Serikali nayo ikataka kuiuza NBC, na hapo ndipo swali gumu lilipojitokeza: ni mnunuzi gani atakubali kubeba tawi la wilaya ya mbali? Na akilifunga, walimu watalipwa wapi?

Suluhisho likawa kuipasua. Mwaka 1997 NBC ilivunjwa. Biashara ya mijini na wateja wakubwa ikabaki na jina la NBC, na mwaka 2000 Absa ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 55. Matawi ya wilayani, zaidi ya 90, yakapewa jina jipya, National Microfinance Bank, ndiyo NMB. Wafanyakazi nao wakagawanywa: waliokula mkate mmoja miaka na miaka wakawa huyu wa huku, yule wa kule, na wengine wakapunguzwa kazini.

Kusema kweli, NMB ilipewa makombo. Mwanzoni hata kukopesha haikuruhusiwa. Kazi yake ilikuwa kupokea akiba na kulipa. Mikopo midogo kwa wafanyabiashara wadogo ilianza mwaka 2000.

Lakini ndani ya makombo hayo mlikuwa na kitu ambacho wenye benki za mijini hawakukithamini: mishahara ya watumishi wa serikali, ikipita pale pale kila mwezi. Mwalimu asiye na nyumba wala shamba lenye hati anaweza kukopeshwa, maana marejesho yanakatwa kabla mshahara haujamfikia. Mzigo ule ule uliofanya matawi yaonekane hasara ukageuka dhamana. Mwaka 2005 kundi la wawekezaji likiongozwa na Rabobank ya Uholanzi likanunua asilimia 49 ya benki hiyo, pamoja na yale matawi ya wilayani ambayo miaka minane nyuma yalitengwa kwa kuhofia kwamba hakuna atakayeyataka.