Tembre za koli za zamani: vitu tunadanganyana hapa Lubumbashi

Kila nikifungua albamu mbele ya watu, hapa kwetu Kamalondo, hakosi mmoja wa kusema babu yake aliacha tembre ya koli (stempu ya kulipia kifurushi cha posta) ya Léopold, yule mfalme wa Ubelgiji, ile ya faranga 5, na koli yenyewe ilimfikia hapa hapa mjini. Hapana papa, haiwezi. Tembre ya kwanza ya koli ya Kongo iko ya 1887, walichukua ile ya faranga 5 yenye kichwa cha Léopold II wakaipiga muhuri juu "Colis-Postaux Fr. 3.50". Sasa mwaka ule huku kwetu mfalme Msiri alikuwa bado anatawala Bunkeya, aliuawa mwisho wa 1891, na mji wetu wenyewe, Élisabethville ya zamani, ulianza 1910 reli ilipofika toka kusini. Posta za mwanzo zilikuwa kule mdomo wa mto Kongo, Banana na Boma. Kwa hiyo mtu akikuletea hiyo tembre na kashe (muhuri wa posta) ya Élisabethville, mpe chai, usimpe feza.

Halafu kuna wenye kuona yale maandishi ya juu wanasema ni kosa la imprimerie, la wachapaji, kwa hiyo iko ya bei. Si kosa kabisa. Posta ilikosa tembre za koli, ikachukua zile ziko nazo ikazibadilishia kazi, na waligonga kwa mkono njo maana utakuta zingine zimeinama, zingine kichwa chini. Na sisi watu wa Katanga tungepaswa kujua ju mu 1960 tembre za Congo Belge, Kongo ya Wabelgiji, zilichapwa neno KATANGA juu, zimejaa mu masanduku ya wazee mpaka leo, kuna mtu anaziita kosa? Kitu cha kuogopa ni kingine: muhuri wa kugonga kwa mkono ni rahisi kuiga, na hii ya faranga 3.50 imeigwa sana. Anza kwa kuangalia wino na herufi kwa lupu, kioo cha kukuza, bei utauliza kisha.

Wengi pia wanafikiri tembre ya koli ilibandikwa juu ya koli. Mara nyingi ilibandikwa ku buletini, karatasi ya kusindikiza mzigo. Karatasi ya kufungia, mwenye koli aliipasua siku ile ile, buletini ndiyo ilibaki mu faili. Waitalia walifika mbali zaidi, toka 1914 tembre yao ya koli ilikuwa vipande viwili, cha kushoto kinabaki ku buletini, cha kuume kinaenda ku risiti ya mtumaji. Sasa mtu anakuta nusu anatupa, anasema imepasuka! Nusu ndiyo ilivyotumika. Ile nzima yenye kashe ndiyo ya kuuliza mara mbili.

Hapo nina maumivu yangu. Nilipoanza nilipata buletini moja nzima, kashe mbili, uzito umeandikwa kwa mkono, na mimi kwa akili ya mtoto nikaiweka mu sahani ya maji ili tembre itoke safi. Ilitoka safi kweli, karatasi ikawa uji, na safari yote ya ile koli ikaenda na maji. Ile karatasi ndiyo ilikuwa na bei, tembre peke yake ningeipata popote.

Na ile ya "zamani ni feza"? Penny Black ya Uingereza ya 1840, ya kwanza duniani, zilichapwa karibu milioni 68, bado zinauzwa kila siku. Umri peke yake si kitu.

Jambo la mwisho, vijana wanasema koli za posta zilianzia Marekani, ju wameona ile tembre nyekundu ya senti 20 yenye eropleni, ya kwanza duniani kuonyesha eropleni. Nzuri, sikatai. Lakini mkataba wa koli kati ya nchi ulisainiwa Paris 1880, Uingereza ikaanza zake 1883, na posta ya Marekani ilianza huduma ile tarehe 1 Januari 1913, tena tembre zote 12 walizitia rangi moja, watu wa guichet, dirisha la posta, wakachanganyikiwa, na kufika Julai tembre za kawaida zikaruhusiwa ku koli. Ile yetu ya Boma ilikuwa imeshamaliza miaka 25.