Kitunguu kilicholegea baada ya kugandishwa hakijaoza
Wengi wakitoa vitunguu kwenye friza na kuviona vimelegea vikiyeyuka, huvitupa wakidhani vimeharibika. Sivyo. Maji yaliyomo ndani yakiganda hutanuka na kupasua kuta za seli, ndiyo maana kitunguu hulainika na kutoa maji. Kwa kachumbari hakifai tena, hilo ni kweli. Kwa mchuzi wa nyama au maharage kinafaa kabisa, na huiva upesi kuliko kibichi.

Wala hakihitaji kuchemshwa kabla ya kugandishwa. Menya, katakata, tandaza kwenye sinia kigande, ndipo utie kwenye mfuko na kuufunga barabara, maana harufu yake huingia hadi kwenye samaki. Usikiyeyushe, kitie kwenye mafuta ya moto kidogokidogo, yasikurukie. Ukikikaangia pilau, vumilia: maji yakauke kwanza ndipo kianze kugeuka rangi.